Sura ya Sita: Kutoka Shanga Tatu Hadi Arobaini na Tatu

Chukua uzi utunge shanga. Kila shanga ni asidi amino, na mwili una aina 20 tu za kuchagua. Uzi wenye mamia ya shanga ndio protini, kama kolajeni inayoishika ngozi isilegee. Kipande kifupi, cha shanga mbili hadi hamsini hivi, huitwa peptidi. Kwa hiyo mtu akikuuliza peptidi ipi inafaa kwa makunyanzi na ipi kwa jeraha, kwanza hesabu shanga, kisha uliza inaingilia wapi.

Tuanze na tatu. Mwaka 1973 Loren Pickart, mwanabiokemia wa Marekani, alieleza kwamba tishu za ini za wazee zikiwekwa katika damu ya vijana huanza kutengeneza protini kama za ini changa. Alipotafuta kilichosababisha hayo akakuta uzi mdogo wa glisini, histidini na lisini, unaofupishwa GHK. Kwenye plazma ya kijana wa miaka 20 huwa kama nanogramu 200 kwa mililita. Kufikia miaka 60 hubaki kama 80. GHK hukamata shaba kwa nguvu na kugeuka buluu, ndiyo maana seramu yake ina rangi ya wino uliochujuka. Na shaba haipo hapo kwa urembo: kimeng'enya kinachozifunga nyuzi za kolajeni zishikamane hakifanyi kazi bila hiyo. Mwaka 1988 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba seli za ngozi zilizokuzwa maabara hufuma kolajeni zaidi zikipewa GHK pamoja na shaba.

Lakini seli za maabara hazina mlango wa kubishia. Ngozi inao. Tabaka lake la juu, la seli zilizokufa zilizogandishwa kwa mafuta, hupitisha kwa shida chochote kinachozidi uzito wa daltoni 500. GHK ina 340, hivyo kwa uzito inapita. Tatizo lake ni kwamba hupenda maji, na mlango ule ni wa mafuta.

Matrixyl, peptidi ya krimu za makunyanzi, ilitafutiwa ujanja hapo hapo. Kiini chake ni shanga tano zilizomo kwenye kolajeni yenyewe. Kolajeni inapokatika, vipande vyake huwa kama kifusi mbele ya nyumba: fundi akikiona anajua ukuta umebomoka, anaanza kujenga. Krimu, basi, inaipelekea seli kifusi cha uongo. Ili kipite, kimeunganishwa na asidi palmitiki, mafuta yale yale yaliyojaa katika mawese. Uzito unapanda hadi kama 800, ila sasa kinaongea lugha ya mlangoni. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, wanawake 93 walijipaka nusu ya uso krimu yenye peptidi hii na nusu krimu isiyo nayo, kwa wiki 12. Mikunjo ilipungua, kidogo lakini kwa kupimika. Mimi naliheshimu jaribio hilo kuliko picha zote za "kabla na baada", japo anayetarajia kurudi ujanani asinunue.

Tukihamia kwenye majeraha, nyuzi zinarefuka na sindano inaingia. BPC-157 ina shanga 15, na asili yake ni protini ya majimaji ya tumbo iliyochunguzwa Zagreb, Kroatia, na kundi la Predrag Sikirić. Kwa panya matokeo yake yanavutia: kano ya kisigino iliyokatwa huunga upesi, vidonda vya tumbo hupona, mishipa midogo ya damu huchipua. Panya, lakini. Majaribio kwa binadamu ni machache na madogo mno. Tena mishipa mipya haichagui wa kumlisha. Uvimbe wa saratani nao huihitaji.

Thaimosini beta-4 ina shanga 43 na ilitolewa kwanza kwenye tezi ya thaimasi ya ndama. Hushika aktini, protini ambayo seli huitumia kutambaa, na kidonda hakifungi mpaka seli zitambae kutoka ukingoni hadi katikati. Tofauti na BPC-157, hii imejaribiwa kwa wagonjwa wenye vidonda vya kulalia na kama matone ya macho. TB-500 inayouzwa mtandaoni mara nyingi ni kipande tu cha shanga saba zake, na muuzaji hulitumia jina la mama kumuuzia mtu mtoto.

Vichupa vya peptidi hizi za sindano vinavyouzwa mtandaoni huandikwa kuwa ni vya utafiti, si vya binadamu. Wanamichezo hawakuachiwa nafasi ya kubishana na maandishi hayo: thaimosini beta-4 na TB-500 zimo kwenye orodha ya dawa zilizopigwa marufuku, na BPC-157 ikaongezwa mwaka 2022. Januari 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliwafungia wachezaji 34, wa sasa na wa zamani, wa klabu ya Essendon ya Australia, kwa sababu ya thaimosini beta-4 katika msimu wa 2012. Walikuwa wamesaini fomu za kukubali kuchomwa sindano.