Bahari ikipata joto, dagaa hulala njaa

Aliyekuwa mtu mzima Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1997 hahitaji kuelezwa El Niño ni nini. Ni zile mvua zilizokata barabara, zikabomoa madaraja na kuozesha mazao shambani. Katika msimu huohuo, wavuvi wa Peru, kwenye pwani ya Pasifiki, walikuwa wakivuta nyavu zikirudi tupu. Mzizi mkubwa wa mafuriko yetu na ukame wao wa samaki ulikuwa mmoja: maji ya Pasifiki yalikuwa yamepata joto kupita kiasi.

Samaki waliyemkosa anaitwa anchoveta, wa ukoo mmoja na dagaa mchele wa pwani yetu. Ana urefu wa kidole au zaidi kidogo, tumbo lake linang'aa kama fedha, na akifika miaka 3 ni mzee. Hata hivyo, kwa miaka mingi hakuna aina nyingine ya samaki iliyovuliwa kwa wingi kama yeye duniani.

Siri ya wingi huo ni ubaridi. Upepo wa Peru husukuma maji ya juu kwenda bahari kuu, na nafasi yake huchukuliwa na maji baridi yanayopanda kutoka vilindini yakiwa yamebeba virutubisho, yaani mbolea ya bahari. Mbolea hiyo ikipata jua, vijimea visivyoonekana kwa macho huota kwa mabilioni. Vijidudu huvila vijimea, na anchoveta huvila vyote viwili.

Aliyewahi kupiga mbizi mchana wa jua kali anajua: juu maji ni vuguvugu, chini ubaridi unamshika ghafla. Maji yenye joto ni mepesi, hivyo huelea juu ya yale baridi kama mafuta juu ya mchuzi. El Niño, yaani joto hilo la Pasifiki, ikiingia, tabaka la maji ya joto huwa nene. Upepo unaweza kuendelea kuvuma, lakini maji unayoyapandisha ni yaleyale ya joto, yasiyo na mbolea. Vijimea hupungua, na samaki hukonda na kutaga mayai machache.

Joto lina madhara mengine popote pale. Fungua soda iliyokaa juani uone gesi inavyotoka kwa kasi, kwa kuwa kimiminika chenye joto hakishiki gesi vizuri. Bahari nayo ikipata joto hushika oksijeni kidogo, wakati ambapo mwili wa samaki, unaofuata joto la maji, unadai hewa na chakula zaidi.

Mtego uko mwanzoni mwa joto. Anchoveta hukimbilia kwenye maji baridi machache yaliyosalia karibu na ufuko na kusongamana. Nyavu hujaa, na mvuvi hudhani mwaka ni wa neema. Ndivyo ilivyokuwa Peru mapema mwaka 1972. Nchi iliyovua zaidi ya tani milioni 12 mwaka 1970 ilipata chini ya milioni 2 mwaka 1973. Joto liliwadhoofisha samaki, nyavu zikawamaliza, na ikachukua takriban miaka 20 samaki kuwa wengi tena. Mwaka 1998 uvuvi ulianguka tena chini ya tani milioni 2, lakini kufikia mwaka 2000 ulikuwa umepita milioni 9. Samaki huyu hukua na kuzaa haraka, mradi wabaki wazazi wa kutosha.

Peru sasa hutumia rula. Anchoveta aliye chini ya sentimita 12 huhesabiwa mtoto. Mwaka 2023 El Niño ilipopiga hodi, wataalamu walipima samaki wakakuta watoto ndio wengi, na serikali ikafuta msimu wa kwanza wa uvuvi katika eneo kuu. Mwaka uliofuata bahari ikapoa, na samaki wakavuliwa kwa wingi.

Somo hilo ni letu pia. Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba joto limepunguza kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini katika Ziwa Tanganyika, hivyo kupunguza vijimea ambavyo ndivyo msingi wa chakula cha dagaa wa Kigoma. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi ziwani humo kwa miezi 3 ili samaki wapate kuzaliana. Kwa mvuvi anayekula kwa alichovua jana, miezi hiyo ni mirefu, na anastahili kusaidiwa kuivuka.

Dagaa huliwa mzima, kichwa na miiba, ndiyo maana fungu dogo la sokoni humpa mtoto protini, kalsiamu, madini ya chuma na zinki ambavyo mama yake asingeweza kuvinunua kwa bei ya nyama. Hatuwezi kuamuru upepo. Lakini mwaka wa joto, nyavu zinapojaa ghafla karibu na ufuko, tuchukue rula kabla ya kushangilia.