Kiyoyozi cha Ukutani, Kutoka Kyela hadi Tukuyu

Kiyoyozi cha ukutani, kile kisichohitaji mifereji ya hewa darini, kina vipande viwili: mashine ya ndani, na mashine ya nje yenye feni na kompresa. Kati ya mashine hizo hupita mabomba mawili membamba ya shaba yenye gesi. Gesi huchukua joto upande mmoja na kulimwaga upande wa pili. Baridi haitengenezwi, joto ndilo linalohamishwa. Ndiyo maana kifaa hicho, kikiwa na vali ya kugeuza mkondo wa gesi, huweza pia kupasha chumba joto.

Kazi hiyo ya kupasha haihitajiki Kyela. Mji umekaa kwenye tambarare ya mpunga na kakao, juu kidogo tu ya Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko mita 474 hivi kutoka usawa wa bahari. Joto lenyewe lingevumilika. Kinachochosha ni unyevu. Wakati wa masika shuka lililoanikwa asubuhi hushinda bichi, na nguo kabatini huota ukungu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kuacha maji inapogusa kitu cha nyuzi 25. Ndani ya kiyoyozi maji hayo hujikusanya kwenye koili na kutoka kwa kibomba cha plastiki. Ndoo ikitegwa chini yake, mashine yenye nguvu ya kupoza ya BTU 12,000 inaweza kuijaza lita moja au zaidi kwa saa.

Hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea. Dukani huambiwa wachukue mashine kubwa ili wasijute. Kwa Kyela ushauri huo ni mbaya. Mashine kubwa mno hufikisha nyuzi 24 kwa dakika chache, ikazima kabla koili haijachuruzisha maji ya kutosha. Chumba kinakuwa cha baridi na bado shuka linanata mwilini. Makadirio ya haraka ya mafundi ni BTU 600 kwa kila mita ya mraba, hivyo chumba cha mita 3.5 kwa 4 kinatoshwa na BTU 9,000. Bati lisilo na dari chini yake huvuruga hesabu hiyo yote, na kuweka dari kwanza ni busara kuliko kuongeza mashine. Aina ya inveta inafaa zaidi kwa sababu kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, hivyo maji huendelea kutoka na umeme wa LUKU hauliwi ovyo.

Nyumba za kale za Wanyakyusa, zenye kuta za mianzi na paa la nyasi, zilipoa kwa kupitisha upepo. Kiyoyozi kinataka kinyume chake. Vile vitundu vya wavu juu ya madirisha, vilivyozoeleka katika nyumba za matofali, lazima vizibwe katika chumba chenye kiyoyozi, la sivyo mashine itakausha hewa ya wilaya nzima. Mashine ya nje nayo ikae kivulini, juu ya maji ya mafuriko, na mapezi yake yaoshwe mara kwa mara, hasa karibu na ufuko, ambako kungu, wale wadudu wadogo wa ziwa, hupanda kutoka ziwani kama moshi na kuganda kwenye chochote. Umeme unaposhuka na kupanda, kifaa cha kulinda voltija ni sehemu ya bei ya kiyoyozi, si nyongeza.

Tukuyu, mita 1,500 hivi juu, maswali hubadilika. Juni na Julai usiku huweza kukaribia nyuzi 10, na wengine huingiza jiko la mkaa chumbani. Mlango ukifungwa, jiko hilo hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu na inayoua. Hita ya waya ni salama zaidi, ila kila uniti ya umeme hurudisha joto la uniti moja tu. Kiyoyozi chenye uwezo wa kupasha huleta joto la uniti tatu hivi, kwa kuwa sehemu kubwa yake hukusanywa kutoka hewa ya nje, ambayo hata ikiwa ya nyuzi 10 bado ina joto la kuchukuliwa. Alama ya jua kwenye rimoti haitoshi kuwa ushahidi, maana rimoti moja huuzwa na mashine za aina zote mbili; bamba lililo ubavuni mwa mashine ya nje ndilo linaloonyesha kama kuna kipimo cha kupasha.

Kuelekea milima ya Uporoto na uwanda wa juu wa Kitulo, ambako nyuzi hushuka zaidi, koili ya nje huweza kushika barafu. Mashine nzuri huigundua, hugeuza mkondo wa gesi kwa dakika chache na kuiyeyusha, na wakati huo chumba hakipati joto. Maji sasa yanadondoka nje, chini ya mashine, hivyo huko mashine ya nje hufungwa juu ya vyuma vya ukutani, mbali na njia ya kupita watu.