Anza na Sifuri: Namna ya Kutafuta Kasoro katika Kihisi cha Umeme

Mkulima wa chai wa Nyamira hahitaji kufundishwa kwamba mizani inaweza kumpunja. Akifika kituo cha kununulia majani, macho yake huwa kwenye sifuri kabla gunia halijatundikwa, na Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513 ya Sheria za Kenya, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Umakini huo bado haujafika kwenye mizani ya aina mpya ambayo vijana wa vyuo na mafundi wa stima wa Kisii na Nyamira wanaweza kuitengeneza wenyewe kwa gharama ndogo: bodi yenye kihisi na maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja), inayopima mkondo wa umeme wa pampu, feni au betri ya sola na kutuma vipimo kwa simu. Namba ikishatokea kwenye kioo huaminiwa, hasa ikiwa na tarakimu mbili baada ya nukta. Ikionekana si sahihi, wengi hukimbilia programu na kuizidisha namba hiyo mpaka ifanane na wanachotarajia. Dawa hiyo ndiyo inayoficha ugonjwa. Kasoro ya kihisi hutafutwa kwa mpangilio: sifuri kwanza, kisha chanzo cha umeme wa bodi, kisha ulinganisho na kifaa kinachoaminika, na programu mwisho kabisa.

Ili kuona kwa nini mpangilio huo ni wa lazima, tutazame kihisi kinachopatikana kwa wingi, ACS712 cha kampuni ya Marekani ya Allegro. Mkondo unaopita kwenye waya huzaa usumaku, na kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879, usumaku huo huzaa ndani ya kihisi volti ndogo inayoweza kupimwa. Kikilishwa volti 5, kihisi hiki hutoa volti 2.5 wakati hakuna mkondo wowote. Aina yake ya ampea 30 huongeza milivolti 66 kwa kila ampea moja, na mkondo ukigeuka upande, volti hushuka kwa kiasi kicho hicho. Maikrokontrola huisoma volti hiyo, huondoa 2.5, kisha hugawanya kinachobaki kwa 0.066. Hesabu ni ya darasa la saba, lakini imesimama juu ya dhana mbili: kwamba sifuri iko 2.5 kamili, na kwamba kila ampea ni milivolti 66 kamili. Zote mbili zinategemea kihisi kupata volti 5 kamili, jambo ambalo katika matumizi ya kawaida halina hakika.

Chukua mfumo wa sola wa volti 12. Bodi inalishwa kwa waya wa USB mwembamba na mrefu, na kihisi kinapata volti 4.75 badala ya 5. Sifuri yake sasa imeshuka hadi 2.375. Ikiwa maikrokontrola ni ya aina ya ESP32, inayopima kwa kulinganisha na volti zake za ndani zisizofuata zile za USB, programu inayodhani sifuri iko 2.5 itatangaza takriban ampea 1.9 zikitiririka upande wa pili, ilhali hakuna taa iliyowashwa. Kwa saa 24 hiyo ni zaidi ya ampea-saa 45 ambazo hazipo, na mwenye nyumba anaweza kununua betri mpya kwa sababu ya kosa la waya wa shilingi chache. Katika bodi ya Arduino Uno iliyoachwa katika mpangilio wake wa kawaida, kosa hili hujifuta, kwa kuwa kihisi na kipimo hushuka pamoja. Kwa hiyo kihisi kile kile, kikiwa na programu ile ile, kinaweza kusema kweli kwenye bodi moja na kukosea kwenye nyingine.

Wapo watakaosema: tunajua kosa liko wapi, basi tulirekebishe kwa kizidishi na kazi iendelee. Hoja hii inastahili kujibiwa kwa namba. Katika mfano huo huo, mkondo halisi wa ampea 5 utasomeka kama 2.9 hivi. Fundi akizidisha kwa 1.75 atapata 5, naye atafurahi. Lakini mkondo ukifika ampea 10, bodi itasoma 7.6, na kizidishi kitaifanya 13.3. Vifaa vyote vikizimwa, kosa la sifuri la 1.9 litakuwa limekua hadi 3.3. Kizidishi kimeponya nukta moja na kuharibu nyingine zilizo mbali nayo. Ndiyo maana kusahihisha kihisi kunahitaji nukta mbili angalau: moja ya sifuri, waya ukiwa umechomolewa kabisa, na nyingine ya mzigo unaokaribia ule utakaotumika kila siku. Nukta ya tatu, katikati ya hizo mbili, huthibitisha kwamba mstari umenyooka.

Bodi inayotuma vipimo ina mtego mwingine ambao mita ya kawaida haina. Moduli ya simu kama SIM800 inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa kishindo kifupi inapotuma ujumbe, na kishindo hicho hushusha volti za bodi nzima. Bodi ikipima wakati huo huo, namba inayotumwa ni ile iliyoharibiwa na kitendo cha kuituma. Dalili yake ni kwamba mezani, huku utumaji umezimwa, vipimo ni vizuri, na vikifika shambani vinarukaruka. Jaribio la kutenganisha chanzo ni rahisi: pima ukiwa umezima utumaji, kisha ukiwa umeuwasha, na ulinganishe. Tofauti ikijitokeza, tiba ni kupima kwanza na kutuma baadaye, na kuipa moduli ya simu njia yake ya umeme yenye kapasita ya kutosha. Kwa ESP32 kuna jambo la ziada: kundi moja la pini zake za kupimia halitumiki ipasavyo Wi-Fi ikiwa imewashwa. Anayeunganisha kihisi kwenye pini hizo anaweza kubadilisha vihisi vitatu bila kupona.

Umeme wa laini una masharti yake. Volti 240 za Kenya hugeuka upande mara nyingi kwa sekunde, kwa mzunguko wa hezi 50, hivyo duru moja huchukua milisekunde 20. Kipimo kimoja kilichochukuliwa kiholela kinaweza kuangukia kilele au sifuri. Inabidi kuchukua vipimo vingi katika duru kamili, kwa mfano duru kumi, kisha kukokotoa thamani fanisi: kila kipimo kizidishwe kwa chenyewe, wastani utafutwe, na kipeuo cha pili cha wastani huo kitolewe. Upo pia ukomo ambao hakuna usahihishaji unaouvuka. Arduino Uno hugawa volti 5 katika ngazi 1,024. Kwa kihisi cha ampea 30, ngazi moja ni ampea 0.074, yaani karibu wati 18 kwa laini ya volti 240. Anayetaka kupima balbu ya wati 9 kwa kihisi hicho hana tatizo la usahihishaji. Amechagua kihisi kisichofaa, na aina ya ampea 5 ingemfaa zaidi.

Mazingira nayo hudai sehemu yake. Kwenye viwanda vya chai kama Kebirigo, Sanganyi na Tombe kule Nyamira, au Kiamokama na Ogembo kule Kisii, majani hunyaushwa kwa feni zinazozunguka kwa saa nyingi, kisha hukaushwa kwa joto kali. Kihisi kilichosahihishwa asubuhi ya baridi, kisha kikafungwa karibu na mashine ya kukaushia, sifuri yake itahama. Kikikaribiana na mota kubwa, usumaku wa mota huingia katika kipimo. Nyanda za juu za Gusii pia zinajulikana kwa radi, na mshtuko unaopita kwenye nyaya unaweza kukiacha kihisi kikiwa hai lakini kikipotosha. Kwa hiyo sifuri ikaguliwe mahali kitakapofanya kazi, baada ya vyombo kupata moto, na tena baada ya kila dhoruba kubwa.

Pingamizi zito zaidi ni la vifaa: fundi wa Keroka au Nyansiongo atalinganisha na nini, ilhali maabara ya kitaifa ya vipimo ya Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) iko Nairobi? Jibu ni kwamba usahihi una ngazi, na si kila kazi inahitaji ngazi ya juu. Klampu mita nzuri inayotumiwa na karakana nzima, na ambayo yenyewe hulinganishwa mara kwa mara na mita ya chuo au ya taasisi iliyokaguliwa, inatosha kwa pampu na feni. Kwa mikondo midogo, waya ukizungushwa mara kumi ndani ya taya za klampu, namba huongezeka mara kumi na kusomeka vizuri, kisha hugawanywa kwa kumi. Birika la umeme hutoa mzigo thabiti wa kujaribia, ila wati zilizoandikwa juu yake zisichukuliwe kuwa kipimo, maana hubadilika na volti za laini. Usalama nao hauna mjadala: majaribio ya volti 240 yafanywe na aliyefunzwa, na umeme ukatwe kabla ya kugusa waya.

Wengine watashauri kununua mita ghali ya kiwandani na kumaliza matatizo yote. Panapotozwa fedha kwa kila uniti, huo ndio ushauri sahihi, maana kipimo cha malipo kinapaswa kuwa na idhini ya kisheria. Lakini kwa mkulima anayetaka kujua kama pampu inachoka, au meneja anayetafuta feni inayokula umeme kuliko wenzake, bodi ya bei nafuu iliyosahihishwa inatosha, na mita ghali isiyokaguliwa inaweza kupotosha vile vile. Kinachokosekana si pesa, ni kumbukumbu. Vyuo vya ufundi vya Kisii na Nyamira vingeweza kulifanya hili kuwa desturi kuanzia muhula wa kwanza: kila bodi inayotoka karakana ibebe kadi yenye tarehe, volti za kulishia, sifuri iliyopimwa, milivolti kwa ampea, kifaa kilicholinganishwa nacho na jina la aliyepima. Mnunuzi aombe kadi hiyo kabla ya kulipa, na bodi isiyo nayo ihesabiwe kuwa haijakamilika.