Picha za Zamani na Watoto wa Ujiji

Ukifika Ujiji utaonyeshwa mahali ulipokuwa mwembe ambao chini yake Stanley alikutana na Dkt. Livingstone mwaka wa 1871. Mwembe ule ulikufa zamani. Iliyopo leo ni miembe iliyotokana nao, pamoja na mnara wa mawe wa mwaka wa 1927. Karibu yake ipo nyumba ya makumbusho, ambayo kwa miaka mingi imewaonyesha wageni sanamu mbili za wazungu wakivuliana kofia. Na ile picha iendayo pamoja na khabari hizi, katika vitabu vya shule na katika kuta za maonyesho ya bara na pwani, twaijua sote: watu wamefungwa minyororo ya shingo, pembe za ndovu mabegani, na kando yao amesimama mtu wa kanzu na kilemba, bunduki mkononi.

Mtoto wa Kiislamu wa Ujiji aitazamapo picha hiyo huuliza, na ni haki yake kuuliza: Yule mwenye kanzu ni babu yetu?

Wazazi wengi hujibu kwa njia mbili. Ama husema kwamba hayo yote ni uzushi wa wamisionari, ama hunyamaza wakamvuta mtoto mkono watoke nje. Majibu yote mawili yamdhulumu mtoto. Biashara ya watumwa ilikuwapo, na Waislamu walikuwa katika mstari wa mbele wake. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili safi, wala hakuona haya kueleza vita vyake na nyara zake. Aliyekataa kumwamini mmisionari na amsome Tippu Tip.

Walakini kuikubali taarikh si kukubali kila maandishi yaliyotiwa chini ya picha. Hapo ndipo penye kazi.

Kwanza, tujue kipi ni picha ya kamera na kipi ni mchoro. Mkutano wa Ujiji haukupigwa picha. Tunayoiona imetokana na mchoro uliotiwa katika kitabu cha Stanley cha mwaka wa 1872, na kurasa za shajara yake zilizohusu siku ile zimechanwa. Picha zake za kamera, zile za mavazi aliyodai kumkutana nayo Livingstone, zilipigwa London, mbele ya pazia lililochorwa. Pembeni mwake amesimama Kalulu, mtoto mtumwa ambaye Stanley alipewa zawadi na tajiri wa Kiarabu huko Unyanyembe. Kalulu alikufa maji mwaka wa 1877 katika maporomoko ya mto Kongo, akimfuata bwana wake. Mtoto yule alitolewa na Mwarabu, akapokewa na mzungu, akavishwa, akapigwa picha. Nani hasa ahukumiwe kwa picha ile?

Picha nyingine ni za kamera kweli, na zahuzunisha. Mwaka wa 1868 mabaharia wa manowari ya Kiingereza iitwayo Daphne walipiga picha ya watu waliotolewa katika majahazi ya watumwa baharini. Wameketi juu ya sitaha, mifupa yao yahesabika. Mbele ya picha hiyo hapana la kujitetea.

Pili, tumwulize yule mwenye kanzu ni nani. Maandishi ya zamani humwita "Mwarabu" tu, na imekwisha. Lakini Mwinyi Kheri, aliyekuwa mkubwa wa Ujiji katika miaka ya 1870, alikuwa mzaliwa wa Mrima, Mswahili. Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan, alikuwa wa ukoo wa Barwani wa Lindi. Waliobeba bunduki nyuma yao wengi walikuwa waungwana wa Kiafrika, nao wengine walikuwa wametekwa utotoni, wakasilimu, kisha wakawa watekaji. Huko Katanga, Msiri, Mnyamwezi asiyekuwa Mwislamu, aliuza watu kama kawaida ya biashara. Na wale wachukuzi wenye pembe mabegani, ambao michoro hupenda kuwafunga minyororo wote, sehemu kubwa walikuwa Wanyamwezi huru waliofanya kazi kwa ujira, wakajadiliana mshahara, na wakigoma walipodhulumiwa. Huwezi kuyaona hayo kwa macho katika mchoro. Lazima yaandikwe chini yake.

Tatu, nalo ndilo lililo zito kwa watu wa Ujiji. Wengi wa Waislamu wa mji ule huitwa Wamanyema, watu ambao wazee wao walivuka ziwa kutoka Kongo, wengine katika kamba, wengine wakiifuata misafara kwa hiari, wengine wakiiongoza. Kwa hiyo mtoto anayeuliza kama mwenye kanzu ni babu yake yawezekana ni mjukuu wa mwenye kanzu na wa mwenye mnyororo pia, kwa baba huyu na kwa mama yule. Hapo mzazi hushikwa na kigugumizi, na si kwa haya peke yake. Kigoma ni mpakani, na swali la "asili yako wapi?" mara nyingi limekuwa swali la uraia. Mtu atasitaje kuweka hadharani picha ya bibi yake yenye maandishi "Manyema, Kongo", ikiwa kesho ataulizwa karatasi zake? Yamkini hii ndiyo sababu picha nyingi zimebaki masandukuni.

Jambo hili si letu peke yetu. Wakurdi, kabila la Sultani Salahuddin aliyeikomboa Baitul Maqdis, wamegawanywa katika Uturuki, Iraki, Irani na Sham. Mkataba wa Sèvres wa mwaka wa 1920 uliwatajia nchi yao. Ule wa Lausanne wa mwaka wa 1923 ukanyamaza. Huko Uturuki kwa miaka mingi waliitwa Waturuki wa milimani, na kulitamka jina la Kurdistan hadharani kulimtia mtu katika hatari ya kushitakiwa. Mwaka wa 1991 mpiga picha wa Kimarekani, Susan Meiselas, alikwenda kaskazini ya Iraki kupiga picha makaburi ya watu waliouawa na serikali ya Saddam Hussein. Alipokuwa huko akaona kwamba makaburi peke yake hayasimulii khabari, akaanza kukusanya picha za zamani zilizofichwa majumbani mwa watu, na nyingine za wasafiri, wamisionari na maofisa, akazitoa katika kitabu mwaka wa 1997. Chini ya picha akaweka maneno ya waliozihifadhi, hata pale yalipopingana.

Tuvuke ziwa sasa. Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliichukua Kongo kwa hoja ya kuwakomboa watumwa wa Waarabu, akapigana nao kuanzia mwaka wa 1892 hata 1894. Mwaka wa 1904 Bibi Alice Harris, mmisionari wa Kiingereza, alimpiga picha mtu aitwaye Nsala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake uliokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha ile ilizungushwa Ulaya na Marekani, ikawa miongoni mwa mambo yaliyomwondoa Leopold katika milki yake mwaka wa 1908. Lakini katika bustani moja ya Brussels bado lipo jiwe la sifa la mwaka wa 1921 lenye maneno ya kusifu ushujaa wa askari wa Kibelgiji waliomwangamiza Mwarabu mwuza watumwa. Neno "Mwarabu" limefutwa, likarejeshwa, likafutwa tena, kwa malalamiko ya hawa na ya wale. Kwa maoni yangu kufuta neno hakumsaidii mtu. Lingeachwa, na kando yake akawekwa Nsala.

Hata huyo Livingstone mwenyewe picha zimemfunulia mengine. Tarehe 15 Julai 1871, huko Nyangwe, aliona watu wa misafara wakiwapiga risasi wanawake na wanaume sokoni, mamia wakafa. Kwa kukosa karatasi aliandika khabari ile juu ya gazeti kuukuu, kwa wino wa matunda, na maandishi yakafifia yasisomeke. Mwaka wa 2011 wataalamu waliyapiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali, yakasomeka. Wakaona kwamba hayalingani na kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1874 baada ya kufa kwake, khususan katika khabari ya mwenendo wa watumishi wake mwenyewe. Mauaji yalikuwa kweli. Lakini mkono wa mhariri nao ulikuwapo. Wala kitabu hakikusisitiza sana kwamba Mohamed Bogharib, mfanyi biashara wa Kiarabu, ndiye aliyemwuguza Livingstone na kumfikisha Ujiji hai mwaka wa 1869.

Na tusisahau kwamba Wadachi waliotawala kwa jina la kukomesha utumwa hawakuukomesha kabisa katika nchi hii. Sheria ya kuuondoa ilitoka mwaka wa 1922, chini ya Waingereza.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hata Ujiji imewekwa tangu mwaka wa 2006 katika orodha ya mahali ambapo Tanzania ingependa pawe urithi wa dunia. Yaani picha zitazidi kutundikwa, na maandishi yataandikwa na mtu, kama si sisi basi mwingine. Wazee wa Ujiji wanaojua majina ya waliomo katika picha za nyumbani wapo, nao wanapungua. Vijana wenye simu za kupiga picha wanaweza kuketi nao baada ya Alasiri, wakaandika nyuma ya kila picha: jina, mwaka ukijulikana, ametoka kijiji gani ng'ambo ya ziwa, na alivuka akiwa nani.