Zein l'Abdin: Udi Uliosikika Harusini Kabla ya Kufika Ulaya

Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa Mtindo wa Mombasa, albamu ya Zein Musical Party. Ndipo wasikilizaji wa Ulaya walipomjua mpiga udi ambaye watu wa Ndia Kuu na mitaa mingine ya Mji wa Kale wa Mombasa walikuwa wakimsikiliza harusini kwa miaka mingi. Kisha ukapita karibu mwongo mzima. The Swahili Song Book ilitoka 1999 chini ya Dizim, kampuni ya Ujerumani, na safari hii jina lililotangulia halikuwa la kundi. Lilikuwa la mtu mmoja: Zein l'Abdin.

Pengo hilo lisimdanganye mtu. Msanii wa taarab wa Mombasa hakuishi kwa albamu. Aliishi kwa harusi, kwa tuzo alizotunzwa akiimba, na kwa kanda zilizorekodiwa na kuuzwa na maduka kama Mbwana Radio Service. Zein alikuwa kazini muda wote, ila kazi yenyewe ilibaki kwenye kanda, na kanda hazikufika mbali na pwani.

Alizaliwa Lamu, akahamia Mombasa. Miaka ya 1960 na 1970 mji huo ulikuwa na ladha nyingi za taarab kwa wakati mmoja. Juma Bhalo alivuma kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, Matano Juma alikuwa na kundi lake la Morning Star, na Zuhura Swaleh na Maulidi Juma walikuwa na wapenzi wao. Zein alishika upande wa udi na mahadhi ya Kiarabu, akayafunga na ushairi wa Lamu.

Na udi si gitaa lenye tumbo kubwa. Shingo ya gitaa imepigwa vyuma vinavyogawa sauti katika hatua 12 zilizo sawa, na kidole hakina ruhusa ya kusimama katikati ya hatua mbili. Shingo ya udi ni laini, haina chuma hata kimoja. Nyuzi zake kwa kawaida ni 11: jozi tano na uzi mmoja mnene wa sauti ya chini. Kwa hiyo mpigaji anaweza kuzifikia sauti ambazo piano haina. Katika maqamu, yaani mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, ya Rast, kwa mfano, sauti ya tatu inakaa kati ya ile ya furaha na ile ya huzuni tulizozoea kwenye nyimbo za Kizungu. Kidole kikikosea kidogo tu, maqamu yote yameharibika. Hakuna chuma cha kukuokoa.

Hapo ndipo ukubwa wa Zein unapoonekana. Kwenye harusi, spika hupiga kelele, watu hutunza, ngoma hufunika kila kitu. Kwenye rekodi iliyotulia, msikilizaji anaifuata risha, yaani kijiti cha kupigia nyuzi, ikishuka na kupanda, na anasikia namna taksimu, yaani upigaji huru usio na mapigo, inavyotandika njia kabla ya sauti ya mwimbaji kuingia.

Maneno nayo yalichaguliwa kwa makini. Zein alishirikiana na Sheikh Ahmed Nabhany, mshairi wa Lamu aliyetunga Sambo ya Kiwandeo na Umbuji wa Mnazi, na ambaye alitumia maisha yake kuyaokoa mashairi ya kale. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16: 8 za ukwapi na 8 za utao. Mpiga udi anayeujua ushairi hulijibu neno, halikimbizi. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna aliyeipata nafasi hiyo ya kujibu vizuri kuliko Zein, na albamu ya 1999 ni ushahidi tosha.

Zein alifariki 2016, Nabhany akamfuata 2017. Kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa imekusanya baadhi ya nyimbo za Mombasa za 1965 hadi 1975 katika juzuu ya pili ya mfululizo wake wa Zanzibara, lakini nyingine bado zimo katika kanda majumbani, na joto na unyevu wa pwani huotesha ukungu juu ya utepe. Mwenye kanda ya Zein kabatini asiitupe. Aipeleke kwa fundi ihamishiwe kwenye kompyuta mwaka huu huu.