Je, wajua kusoma mfuko wa chakula cha mbwa?

Mbwa wengi wa Rujewa, wilayani Mbarali, hawajawahi kuonja chakula cha dukani. Hula ugali uliolala, ukoko wa wali, mifupa, na siku ya bahati, dagaa. Na wanga huo wanaumudu. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Erik Axelsson wa Sweden walionyesha kuwa jeni ya kimeng'enya kinachovunja wanga, ambayo mbwamwitu ana nakala zake 2 tu, kwa mbwa huwa na nakala kati ya 4 na 30. Kwa hiyo ukikuta nafaka kwenye mfuko, usidhani umeibiwa. Angalia ni sehemu gani ya nafaka.

Hapa Mbarali, katikati ya mashamba ya mpunga ya Usangu, jambo hilo halihitaji maelezo marefu. Mashine ya kukoboa hutoa pumba laini, zenye protini kama asilimia 13 na mafuta ya kutosha. Hutoa pia maganda, ambayo protini yake ni kama asilimia 3, nyuzinyuzi karibu 40, na majivu yanaweza kufika 20, mengi yakiwa silika, madini yaleyale ya mchanga. Maganda yakisagwa na kuchanganywa na pumba, jicho hudanganyika kirahisi, lakini maabara haidanganyiki. Ndiyo maana mfuko huandikwa "nyuzinyuzi ghafi" na "majivu". Majivu hayo hakuna aliyeyatia: ni madini yanayobaki chakula kikichomwa kwenye tanuru mpaka kinachoungua kiishe. Mifupa huyaongeza, na dagaa walioanikwa mchangani vilevile. Chakula kikavu cha kawaida huwa na nyuzinyuzi kama 4 na majivu 7 au 8. Ukikuta 10 na 12, muulize muuzaji kuna nini humo.

Protini nayo ina siri yake. Maabara nyingi haziipimi yenyewe. Hupima nitrojeni, mara nyingi kwa njia iliyoanzishwa na Mdenmaki Johan Kjeldahl mwaka 1883, kisha huzidisha kwa 6.25. Mwanya huo uliua mbwa na paka huko Marekani mwaka 2007: gluteni ya ngano kutoka China ilikuwa imetiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni nitrojeni. Kwenye karatasi protini ilipanda, na figo za wanyama zikaharibika. Kwa hiyo tarakimu ya protini peke yake haitoshi. Lazima usome imetoka wapi. "Unga wa samaki" au "mashudu ya soya" ni jina la kitu unachokijua. "Mazao ya wanyama" laweza kuwa chochote, kuanzia maini hadi sehemu usizozitambua.

Viambato hupangwa kwa uzito, kizito mbele, na hapo viwanda vina ufundi wao. Kuku huandikwa wa kwanza, halafu mahindi, pumba za mahindi na gluteni ya mahindi, kila kimoja mahali pake. Vijumlishe hivyo vitatu, mara nyingi mahindi yanampita kuku. Tena kuku mbichi karibu asilimia 70 yake ni maji, na maji hayo huondoka chakula kinapokaushwa.

Maji ndiyo huwapoteza wengi wanapolinganisha kopo na mfuko. Kopo limeandikwa protini 8, mfuko 20, na mtu huona kopo ni hafifu. Lakini kopo lina unyevu 78, maana yake kilicho chakula hasa ni 22. Gawanya 8 kwa 22, unapata asilimia 36. Mfuko una unyevu 10. Gawanya 20 kwa 90, unapata 22. Viwango vya AAFCO, chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo cha Marekani, hutaka angalau 18 kwa mbwa mzima, na 22.5 kwa mtoto anayekua au jike anayenyonyesha, maji yakishaondolewa. Mfuko huo unamtosha mbwa wa kulinda nyumba. Kwa jike anayenyonyesha, haufiki.