Wasifu, Mtandao na Koneksheni: Istilahi za Mwanataaluma katika Intaneti

Utangulizi

Miongoni mwa dhana ambazo wafasiri, walimu na watumishi wa ofisi za umma hutaka zipatiwe istilahi za Kiswahili, zimo za makundi mawili yanayokwenda pamoja. Kundi la kwanza lahusu ukurasa anaoufungua mtu katika intaneti ili kueleza kazi yake na ujuzi wake. Kundi la pili lahusu watu anaofahamiana nao kwa njia ya ukurasa huo. Katika mazungumzo ya kila siku dhana hizi huitwa profaili na koneksheni, na wengi huona kwamba jambo limekwisha hapo.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo halijaisha. Neno likichaguliwa vibaya, haliharibu tafsiri tu. Laweza pia kumzuia mtu mwenye ujuzi asijulikane. Katika kuzieleza istilahi hizi tutaeleza vilevile namna ukurasa wenyewe unavyoandikwa na namna mtandao wa wanataaluma unavyojengwa, kwa kuwa istilahi haiwezi kutenganishwa na kazi inayotajwa.

Wasifu na Wasifukazi

Neno wasifu lina asili ya Kiarabu, na ni jamaa wa maneno sifu na sifa. Kwa maana yake ya kawaida, wasifu ni maelezo ya mtu: alizaliwa wapi, alisoma nini, alifanya kazi gani. Tumelizoea hata msibani, ambako wasifu wa marehemu husomwa mbele ya waombolezaji. Mtu akijiandikia mwenyewe habari za maisha yake kwa kirefu, twaita tawasifu. Karatasi anayoiambatisha na barua ya kuomba kazi huitwa wasifukazi, ingawa maofisini bado husikika sivii.

Ukurasa wa intaneti si kitu kimoja na karatasi hiyo. Wasifukazi huandikwa kwa ajili ya nafasi moja, hupelekwa kwa mwajiri mmoja, na kazi yake huisha usaili unapokwisha. Ukurasa hukaa wazi wakati wote, husomwa na watu ambao mwenyewe hawajui, na huchanganya maneno ya aina mbili: anayoyasema mwenye ukurasa, na wanayoyasema wengine juu yake. Kwa sababu hiyo twapendekeza ukurasa huo uitwe wasifu wa mtandaoni, na neno wasifukazi liachiwe karatasi ya maombi. Anayevichanganya viwili hivi huweza kunakili karatasi yake yote, pamoja na tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na simu za wadhamini, akaiweka mahali panaposomwa na ulimwengu mzima.

Sifa na Kujisifu

Hapa pana tatizo la pili. Neno sifa lina maana mbili. Tangazo la kazi linapotaja "sifa za mwombaji", hukusudia elimu, ujuzi na uzoefu unaotakiwa. Lakini mtu akisemwa kwamba "anapenda sifa", hiyo ni lawama. Methali nayo yatuambia kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa malezi hayo, mwalimu aliyefundisha miaka 20 huandika neno moja tu katika ukurasa wake, yaani "mwalimu", akaona kuwa kuongeza zaidi ni kujikweza.

Methali hiyo haikukosea, ila yataka kufahamika vizuri. Kizuri chajiuza kikiwa sokoni, juu ya meza, macho ya watu yakikiona. Kilichofungiwa stoo hakijiuzi. Tofauti baina ya kueleza sifa na kujisifu iko katika uwezekano wa kuhakikishwa. "Mimi ni mfasiri bora" ni kujisifu. "Natafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili, katika masuala ya afya ya jamii, tangu mwaka 2012" ni kueleza sifa, maana kila sehemu ya sentensi hiyo yaweza kuulizwa na kujibiwa.

Katika kueleza huko, usahihi wa istilahi ni jambo la riziki. Mitambo ya kutafutia habari katika intaneti hutegemea sana maneno yaliyomo katika ukurasa. Anayetafuta mkalimani wa mikutano hatampata kwa urahisi aliyejiita "mtaalamu wa lugha". Mfasiri hushughulika na maandishi, na mkalimani hushughulika na mazungumzo. Anayefanya yote mawili na ayataje yote mawili. Hapana budi pia kutaja lugha chanzi na lugha lengwa kwa mpangilio wake, kwa kuwa anayeweza kutafsiri kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili si lazima aweze kinyume chake. Tovuti ya wafasiri ya ProZ.com, iliyoanzishwa mwaka 1999, huwapanga watu kwa jozi za lugha na kwa nyanja za ujuzi. Asiyevitaja vitu hivyo huwa hana mahali pa kupangwa. Mwalimu ataje somo na ngazi anayofundisha. Mtafiti ambaye jina lake hufanana na ya wengine, au huandikwa kwa namna tofauti katika machapisho tofauti, aweza kujipatia utambulisho wa tarakimu 16 wa ORCID, utaratibu ulioanza mwaka 2012. Nalo Baraza la Kiswahili la Taifa huwaandikisha wataalamu wa Kiswahili katika kanzidata yake.

Mzigo wa Neno Koneksheni

Tuingie sasa katika kundi la pili. Neno koneksheni limeingia katika Kiswahili cha mitaani likiwa limekwisha beba mzigo. Mtu akisema kwamba "fulani kapata kazi kwa koneksheni", hana maana kwamba huyo fulani anafahamika kwa ujuzi. Ana maana kwamba alipendelewa. Neno hili hukaa jirani na kujuana, na jirani na lile neno la kejeli undugunaizesheni, lililotungwa nchini Tanzania kuelezea upendeleo wa kindugu.

Tukimwambia mtumishi mwaminifu kwamba ajenge koneksheni, twamwambia ajenge kitu ambacho ameapa kukipiga vita. Atakataa, na atakuwa na haki ya kukataa. Matokeo yake ni kwamba wasiojali hujitangaza, na wenye haya hubaki hawajulikani. Hasara hiyo si ndogo katika wakati huu. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na Februari 2022 Umoja wa Afrika uliridhia Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake za kazi. Ofisi inayotafuta mfasiri kutoka Addis Ababa haina njia rahisi ya kumfahamu mfasiri hodari aliyeko Songea au Bukavu, isipokuwa kwa kile kinachoonekana katika intaneti na kwa neno la mtu aliyewahi kufanya naye kazi.

Upendeleo na kufahamika kwa kazi ni dhana mbili, nazo zastahili maneno mawili. Upendeleo humpa mtu nafasi bila kuutazama ujuzi wake. Kufahamika kwa kazi huufanya ujuzi uonekane, kisha huuacha upimwe. Kwa dhana hii ya pili twapendekeza mtandao wa wanataaluma.

Mtandao

Neno mtandao nalo lataka uangalifu, kwa kuwa limepewa kazi nyingi. Hutumika kwa maana ya intaneti. Hutumika kwa maana ya mawasiliano ya simu, kama tusemavyo "mtandao unasumbua". Na hutumika kwa maana ya kundi la watu au taasisi zinazoshirikiana. Katika maandishi rasmi yafaa kutumia intaneti kwa teknolojia yenyewe, na kulifafanua neno mtandao kila linapohusu watu. Sentensi "idara itajenga mtandao" yaweza kumfanya fundi aanze kuhesabu nyaya.

Shina la neno hili ni lile la kutanda na kutandaa. Wafumaji wa nguo huziita nyuzi zinazotandwa kwa urefu mtande, na zile zinazopitishwa kati yake mshindio. Mtande peke yake si nguo. Vivyo hivyo, orodha ya majina 500 ambayo mtu hajapata kuandikiana nayo hata mara moja haijawa mtandao wa wanataaluma.

Uhusiano wa Karibu na wa Mbali

Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala yaliyokuja kujulikana sana. Aliwauliza watu waliobadilisha kazi karibuni, katika kitongoji cha Boston, juu ya mtu aliyewapa habari ya kazi mpya. Miongoni mwa waliopata habari kwa mtu wanayemfahamu, asilimia 16.7 walikuwa wakionana naye mara nyingi, asilimia 55.6 mara moja moja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Sababu yake yaeleweka: ndugu na rafiki wa karibu hujua yale tunayoyajua sisi wenyewe, ilhali mtu wa mbali hutembea kusikotembewa na sisi.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa katika LinkedIn, uliohusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 kwa muda wa miaka mitano. Ulionyesha kwamba waliosaidia zaidi watu kupata kazi mpya si wale wa karibu sana, wala wale wa mbali kabisa, bali wale wa mbali kiasi.

Wako wanaoiita dhana hii "uhusiano dhaifu". Tafsiri hiyo ni ya neno kwa neno, nayo huuficha ugunduzi wenyewe, maana nani atatunza kitu dhaifu? Twapendekeza uhusiano wa mbali, kinyume cha uhusiano wa karibu. Tusemapo fimbo ya mbali haiui nyoka twasema kweli juu ya nyoka. Juu ya habari za kazi, utafiti waonyesha vingine. Mwalimu mliyekutana semina moja, mhariri aliyesahihisha makala yako mara moja, mwenzako wa chuo aliyehamia mkoa mwingine: hao ndio wa kuandikiwa japo mara moja kwa mwaka.

Katika LinkedIn, iliyoanza kutumika mwaka 2003, kuna watu wa aina mbili. Wako wanaofuata habari zako bila kuhitaji ridhaa ya kufahamiana. Kuwaita wafuasi huleta harufu ya dini na siasa, mfuatiliaji latosha. Na wako mnaokubaliana pande zote mbili, ambao twapendekeza waitwe wenza wa kitaaluma. Barua inayotangulia makubaliano hayo ni ombi la kufahamiana, nayo ifuate adabu ya hodi. Abishaye hodi hujitaja, kisha husema kilichomleta. Ombi lisilo na maneno ni sawa na mgeni aliyesimama mlangoni kimya.

Ushuhuda

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukosea katika istilahi moja ya kundi hili. Katika rasimu ya mwongozo wa watumishi, aliuita uidhinishaji ule ushahidi mfupi ambao mtu huutoa kwa kubonyeza tu, kuonyesha kwamba mwenzake ana ujuzi fulani. Ofisa mmoja aliyeisoma rasimu aliuliza ni mamlaka gani iliyomwidhinisha mtu huyo, na hati yake iko wapi. Swali lilikuwa la haki. Katika lugha ya serikali, kuidhinisha ni kazi ya mwenye mamlaka: bajeti huidhinishwa, mtalaa huidhinishwa. Uthibitisho nao haufai, kwa kuwa mtumishi "huthibitishwa kazini". Na pendekezo si neno la kumtajia mtu wema wake.

Twapendekeza ushuhuda mfupi kwa ule wa kubonyeza, na ushuhuda wa maandishi kwa maelezo ya mtu aliyeiona kazi. Huu wa pili ndio wenye uzito. Ushuhuda mmoja wa mhariri asemaye kwamba mfasiri alileta kurasa 80 kwa wakati, istilahi zikiwa zimelingana tangu mwanzo hadi mwisho, hushinda ishara 100 za kubonyeza. Haifai kubadilishana ushuhuda na mtu ambaye kazi yake hukuiona. Huko ndiko kurudi katika koneksheni kwa mlango wa nyuma.

Tahadhari

Ukurasa ulio wazi hudai kiasi. Mfasiri asiweke sampuli ya kazi ya mteja bila ridhaa yake; na atafsiri matini fupi isiyo ya siri kwa ajili hiyo. Mtumishi wa umma asiweke nyaraka za ofisi. Mwalimu asitumie picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Lakini sheria haiwezi kurudisha namba ya kitambulisho iliyokwisha kunakiliwa.

Istilahi Zinazopendekezwa

Wasifu wa mtandaoni: ukurasa wa kudumu unaoeleza kazi na ujuzi wa mtu katika intaneti.
Wasifukazi: karatasi ya maelezo inayoambatishwa na maombi ya kazi.
Mtandao wa wanataaluma: watu wanaofahamiana na kusaidiana kwa sababu ya kazi.
Mwenza wa kitaaluma: mtu aliyekubaliana nawe kufahamiana kwa ajili ya kazi.
Mfuatiliaji: mtu asomaye habari zako bila makubaliano hayo.
Ombi la kufahamiana: ujumbe wa kutaka kuwa wenza wa kitaaluma.
Uhusiano wa mbali: uhusiano wa watu wasioonana mara nyingi.
Ushuhuda mfupi, ushuhuda wa maandishi: kama ilivyoelezwa hapo juu.

Hitimisho

Haya ni mapendekezo, wala si maamuzi. Istilahi hupimwa kwa matumizi, na wa kuipima ni nyinyi mnaotafsiri, mnaofundisha na mnaoandika barua za ofisi. Tunawaomba wasomaji wazijaribu katika sentensi zao wenyewe, na kutuletea zile zinazokataa kukaa. Hasa twangoja neno bora kuliko mwenza wa kitaaluma, ambalo ni refu, na ambalo sisi wenyewe hatujaridhika nalo.